Kahawia ni Mwamba

Kijiko kiligonga kikombe gizani. Kikagonga, kikatulia, kikaanza tena. Mama yangu akiwa na hasira hukoroga chai hata kama hajaitia sukari, na alfajiri ile alikuwa akikoroga kana kwamba kuna kitu kimezama humo ndani na lazima akipate.

"Umelala?" aliuliza kutoka jikoni.

"Nimelala, Mama."

"Basi mwambie huyo aliyelala chai inapoa."

Nilijichomoa polepole chini ya mkono wa binti yangu. Kidoti ana miaka mitano na hulala kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe, mkono huku, mguu kule. Nikajifunga shuka, nikaenda kuketi kwenye kigoda mbele ya mama. Hakuwasha taa. Nilimshukuru kimoyomoyo, maana macho yangu yalikuwa yamevimba.

"Leo ndiyo anaondoka?"

"Saa tatu. Siku saba, visiwa vya nje."

"Na wewe?"

"Mimi nabaki. Si ulikataa?"

"Nilikataa, na nitakataa tena kesho. Mwanamume anayekutaka anakuweka kivulini. Huyo wako anakusimamisha juani tangu asubuhi mpaka alasiri, unarudi pua imebabuka, midomo imepasuka, halafu anakuita mpenzi."

"Anapenda niwe karibu naye, Mama."

"Karibu!" Kijiko kikasimama. "Yeye yuko nyuma ameshika usukani, wewe uko mbele kabisa unapigwa na mawimbi. Katikati yenu kuna boti nzima. Huo ukaribu gani?"

Siku nyingine ningecheka. Mama alikuwa na maneno hayohayo tangu nilipomtambulisha Nahodha, na mimi nilikuwa na jibu lilelile: hujui mapenzi ya kazini, Mama, yana namna yake. Lakini alfajiri ile jibu hilo lingekuwa uongo. Tangu jana jioni nilikuwa najua kwa nini yule mwanamume alitaka nisimame mbele, na sikuweza kumwambia mama, kwa kuwa kumwambia kungekuwa kumpa ushindi ambao hata yeye asingeufurahia.

Nilikunywa chai yangu bila kuionja.

Kazi yangu ni makabidhiano. Kampuni yetu inakodisha boti za matanga kwa wageni wanaotaka kuzunguka visiwa, na hakuna boti inayofungua kamba gatini kabla sijaikagua na kuikabidhi. Nahesabu jaketi za kuokolea. Najaribu redio. Nawaonyesha wageni jinsi ya kusukuma maji ya choo, jambo ambalo huwaaibisha zaidi ya kitu chochote. Kiingereza cha kuwaeleza nilikipata kwenye masomo ya jioni, Kidoti akiwa mchanga amelala nyuma ya darasa juu ya madawati mawili niliyoyaunganisha.

Mwisho kabisa natandika ramani mezani na kuwafundisha rangi za maji. Ramani za huku zimezeeka. Matumbawe yanakua, mchanga unahama kila baada ya dhoruba, na pale palipoandikwa kina kirefu siku hizi unaweza kukuta jiwe limesimama linakusubiri. Kwa hiyo boti inaongozwa kwa macho. Jua liwe juu, liwe mgongoni kwako, na mtu mmoja asimame omoni, mbele kabisa ya chombo, amtajie nahodha anachokiona. Buluu nzito ni kina, pita. Kijani, maji yanapungua, angalia. Nyeupe ni mchanga. Kahawia ni mwamba.

Nahodha alipofika kwetu miaka miwili iliyopita, wenzake walimpa jina la Taratibu, maana katikati ya miamba alikuwa akienda kama anayebeba mayai. Wageni walimpenda kwa hilo. Siku yake ya kwanza alimwambia bosi wetu, Mama Funguo, "Nipeni yule mwenye sauti asimame mbele." Akaninyooshea kidole mimi.

Kuanzia hapo kila safari fupi akaniomba. Mimi nataja rangi, yeye ananijibu kutoka nyuma, "Nimekusikia, mwenzangu." Nimekusikia, mwenzangu. Baba yake Kidoti aliondoka bila kunisikia hata siku moja, na hapa palikuwa na mwanamume anayeyashika maneno yangu yote na kugeuza chombo kizima kwa ajili yake. Watu wengine huchumbiana kwa barua. Sisi tulichumbiana kwa rangi.

Mwezi uliopita, kwenye mlango wa visiwa vya kati, nilipiga chafya tatu mfululizo. Ya tatu haijaisha, nikasikia mkuku, uti wa chini wa boti, ukikwaruza, sauti iliyopanda mpaka kwenye meno yangu. "Mchanga tu!" alipaza sauti kutoka nyuma, akicheka. Nilipoinama kutazama tulipotoka, maji yalikuwa kahawia. Nikajilaumu mimi. Wiki nzima nilijilaumu, kwamba nilipiga chafya.

Halafu ikaja jana jioni.

Alikuja kuaga, akaketi barazani na Kidoti aliyekuwa anapaka rangi picha ya bahari. Mimi nilikuwa naosha vyombo dirishani.

"Nipe ya kijani," alisema Kidoti.

Nahodha akachagua penseli kwenye kopo, akampa.

"Siyo hiyo! Hiyo ya udongo."

"Aa, nakuchokoza tu." Akachagua nyingine.

"Na hiyo pia ya udongo! Wewe Nahodha!" Binti yangu alijiangusha chini kwa kicheko. Nahodha naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umesimama juu ya kopo, vidole vimetanda, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba asichokijua.

Sahani iliteleza mkononi mwangu ikarudi majini.

*

Nilifika gatini kabla ya saa moja. Yeye alikuwa ameshafika, anakunja kamba, anaimba kwa pua.

"Mama Kidoti! Mbona uso umekunjwa kama tanga la jana?"

Niliingia kwenye boti, nikashuka ngazi mpaka kabini, nikafungua sanduku la jaketi. Nikahesabu kumi. Nikahesabu tena, nikapata tisa. Nikaanza upya. Akashuka akasimama nyuma yangu, na harufu yake ya sabuni na chumvi ikanijia, harufu ambayo nilikuwa nimeshaanza kuipangia nafasi nyumbani kwangu.

"Mama yako tena?"

"Hapana." Nikanyoosha mkono kwenye kidirisha. Nje, nyuma ya maboya, maji yalikuwa yamepungua na mgongo wa mwamba wa bandarini ulionekana kahawia chini yake. "Pale. Niambie pana rangi gani."

Hakuangalia maji. Aliniangalia mimi. Macho yake yalitembea usoni kwangu, kwenye nyusi, kwenye midomo, akitafuta jibu humo, na nikakumbuka ni mara ngapi amewahi kunitazama hivyo, na ni mara ngapi nimelala na furaha kwa sababu ya kutazamwa hivyo.

"Kijani," alisema.

Nikaketi juu ya jaketi.

"Tangu lini?"

Akaketi kwenye ngazi, kofia mkononi. "Tangu nizaliwe. Kijani, kahawia, nyekundu, kwangu ni ukoo mmoja."

"Na cheti cha daktari?"

"Kuna kitabu cha madoadoa ya rangi, unaambiwa usome namba. Nilikikariri. Ukurasa wa kwanza kumi na mbili, wa pili nane, wa tatu…" Aliacha. "Nilikuwa na miaka ishirini. Sikuwa na kingine nilichokitaka duniani ila bahari."

"Na mimi ni ukurasa wa ngapi?"

"Usiseme hivyo."

"Nakuuliza. Siku ile uliposema upewe yule mwenye sauti. Ulitaka nini?"

Angeweza kunidanganya. Nilimwona akifikiria kunidanganya, na sehemu fulani ya moyo wangu, naikiri, iliomba anidanganye.

"Macho," alisema. "Siku ya kwanza nilitaka macho yako."

"Ya pili?"

"Ya pili pia."

"Na lini nikawa mimi?"

"Sijui siku." Sauti yake ilishuka. "Unakumbuka ulipougua ukalala nyumbani siku tatu? Nilitoka na boti tupu kuijaribu, humuhumu ndani ya maboya, hakuna jiwe hata moja. Nikashtuka nimezima injini, nimetulia, nasikiliza. Hakukuwa na mtu mbele. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Nilifunika uso. Sikutaka aone kwamba maneno hayo yalikuwa yananiingia, mahali palepale ambapo yale ya kwanza yalikuwa yameniumiza.

Alikuja akapiga magoti mbele yangu. "Panda," alisema. "Leo, kama siku zote. Huyu mpishi mpya aliyepangwa kusimama mbele abaki, wewe uchukue nafasi yake. Siku saba tu. Mama Funguo ameniahidi, nikirudi salama kutoka visiwa vya nje, mimi ndiye mkuu wa manahodha. Nitakuja kwa mama yako nikiwa mtu, na kaka yangu, na baba yangu mdogo, nikuombe kwa heshima. Kidoti nimlee. Siku saba, mwenzangu."

Kwenye kabati langu la ofisini nilikuwa na fulana mbili na miwani ya jua. Hicho tu ndicho nilichohitaji. Ningeweza kumtuma mtu kwa mama na ujumbe, angekasirika, angekoroga chai, angenyamaza. Hakuna ambaye angejua. Ningesimama mbele na kuimba rangi mpaka nizeeke, na kila jioni angenishika mkono. Nilikuwa naiona nyumba. Niliona hata mapazia.

Juu yetu miguu ilikimbia sitahani. Wageni walikuwa wamewahi.

Walikuwa wanne: baba, mama, na mapacha wasichana wa kama miaka saba, mmoja meno ya mbele hana. Yule asiye na meno alikuwa ameshavaa jaketi nyuma mbele na amejifunga mpaka hawezi kulivua. Nilimgeuza, nikamfungua vifungo, nikamvika vizuri, naye akatulia kabisa mikononi mwangu huku kidevu amekiinua, kama Kidoti anavyofanya nikimfunga koti.

Mama yao aliniambia kwa Kiingereza, "Tuliomba huyu nahodha kwa jina. Tumesoma kwamba hakuna mwangalifu kama yeye."

"Ni mwangalifu sana," nilimjibu. Na ilikuwa kweli.

Niliwakaribisha ofisini wakapate chai. Nikarudi kabini na ile fomu. Ina mistari mitatu ya sahihi: ya mgeni, ya nahodha, na yangu. Juu ya mstari wangu pameandikwa: *Nathibitisha kwamba chombo na nahodha wako tayari.* Nahodha alikuwa ameshasaini. Mwandiko wake umelala upande, nilikuwa nao kwenye vikaratasi kumi na saba alivyoniandikia, nyumbani, chini ya godoro.

"Nikipanda leo, nitapanda kesho," nilimwambia. "Na siku nikipiga chafya?"

"Nitakwenda taratibu."

"Ulikuwa unakwenda taratibu mwezi uliopita."

Akaanza kuizungusha kofia mkononi.

"Ulijua haukuwa mchanga?"

"Nilijua baadaye. Usiku nilizamia chini nikaona. Sikukuambia kwa sababu uliomba msamaha. Uliniomba msamaha wewe, mimi nikakusamehe. Tangu siku ile sijalala vizuri."

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia kwa sauti, wageni walikuwa karibu. Nililia kama tunavyolia sisi wenye watoto, kwa mgongo, uso nimeuficha.

"Mimi sitasema kwa mtu," nilimwambia nilipoweza. "Lakini sitasaini. Nakuomba uende ofisini kwa miguu yako, wageni wakiwa bado wanakunywa chai."

"Usiposaini ni sawasawa na kusema."

"Ndiyo. Ndiyo maana nataka utangulie."

"Unajua unaniomba nini?" Kwa mara ya kwanza alipandisha sauti. "Nikitoka humu bandarini mimi ni nani? Nitaenda bara kwa kaka yangu kupiga randa mbao. Huko hakuna hata dimbwi! Nitakuja na nini kwa mama yako? Na vumbi la mbao?"

"Sijui utakuja na nini. Najua kuna watoto wawili hapo juu."

Alinitazama kwa muda mrefu. Safari hii hakuwa anatafuta jibu. Akaiweka kofia yake juu ya ramani, akapanda ngazi.

*

Ofisi ya Mama Funguo ina dirisha la kioo linalotazama gati. Anaitwa hivyo kwa sababu ya pete ya funguo anayoivaa kiunoni, inayomtangulia kila aendako. Nilimwona Nahodha amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Nilimwona bosi akisikiliza. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya saa za kazi: akaketi. Akatoa pete kiunoni, akaiweka mezani, akajishika paji la uso.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mzee Kijana, nahodha wetu wa zamani mwenye miaka sitini na nywele anazozipaka rangi kila Ijumaa, aliitwa kutoka kwenye kifungua kinywa chake akaja na kipande cha mkate mkononi. "Nani amekufa?" aliuliza. "Hakuna? Basi nipeni dakika nimalizie." Akasaini palipofutwa jina la mwenzake. Na mimi nikasaini chini yake.

Nahodha alirudi kuchukua begi lake. Wakati huohuo mama yangu aliingia getini amemshika Kidoti mkono. Jumamosi huniletea mtoto saa tatu ili yeye aende kwenye cherehani yake.

"Shikamoo, Mama," Nahodha alimwamkia.

"Marahaba." Mama alitazama begi, akatazama boti, akanitazama mimi. "Mbona unashuka, wakati wenzako wanapanda?"

"Nimeacha kazi, Mama. Ulikuwa unasema kweli. Nilikuwa namsimamisha juani kwa faida yangu."

Akamweleza. Maneno machache, bila kujitetea: macho, kitabu cha madoadoa, chafya. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukosa la kusema hata msibani, akaanza kumfunga Kidoti vifungo vilivyokuwa vimeshafungwa.

Nahodha akanigeukia. Tulisimama mbali kidogo, watu wanapita na majokofu ya barafu katikati yetu.

"Miaka miwili ulisimama pale mbele na hukuniangusha," alisema. "Moyo wangu unasema wewe leo umeniangusha. Nipe muda niubishie."

"Utaniandikia?"

"Mkono unaoshika randa unaandika vibaya."

"Nimezoea mwandiko wako, mbaya hivyohivyo."

Alitaka kutabasamu, ikashindikana. Akamgusa Kidoti kichwani, akapita getini. Hakugeuka. Nilitamani nimwite kama nilivyozoea kumwita kutoka omoni, lakini Mzee Kijana alikuwa anapiga kelele kwamba maji yanamkimbia, na kufungua kamba ni kazi yangu.

Nikazifungua, ya mbele, kisha ya nyuma. Boti ikajisogeza, pacha asiye na meno akanipungia mikono yote miwili, nami nikampungia. Mpishi mpya alisimama omoni akitaja rangi kwa sauti nyembamba. Kila alipotaja, midomo yangu ilitaja naye. Nilisimama hapo mpaka tanga likawa dogo kama ukucha, wakaupita mlango wa bandari, salama.

Mama alikuja kusimama kando yangu. Cherehani ilikuwa inamsubiri, na hakuonyesha haraka.

"Ulijua lini?"

"Jana jioni."

"Ndiyo maana ulikuwa 'umelala'." Akanipangusa shavu kwa kiganja, kwa nguvu, kama anavyompangusa Kidoti uji. "Nilikuwa naona mwanamume anayekutumia. Sikuona mwanamume anayeogopa."

"Si ulitaka aondoke, Mama?"

"Nilitaka aondoke akiwa mbaya," alisema. "Sasa ameondoka hivi, mimi nifanye nini?"

Nilimlalia begani, mtu mzima mimi, mchana kweupe, mbele ya wafanyakazi wenzangu, naye akaniacha nilie mpaka blauzi yake ikalowa. Sikulia kwa kujuta. Ningerudishwa kabini pale ningeacha tena ule mstari wazi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimefanya lililo sawa na bado nilimtaka, na hakuna mtu aliyenifundisha kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja.

Nyayo ndogo zilikuja mbio juu ya mbao za gati. Kidoti alisimama mbele yetu akihema, akanivuta sketi mpaka nikainama.

"Mama, Nahodha amekaa nje ya geti."